Mwongozo wa kuhudhuria kongamano la protini za mawasiliano ya seli Dar es Salaam: nenda na swali lako

Mara yangu ya kwanza kuhudhuria kongamano la sayansi ya seli hapa Dar nilikaa safu ya mwisho siku mbili nzima. Nilirudi maabara na cheti cha ushiriki na daftari lililojaa majina ya protini, lakini sikuweza kuyaunganisha hata majina mawili. Msimamizi wangu akaniuliza, "Umerudi na nini?" Nikakosa la kujibu. Liliniuma sana, kwa sababu ada ya usajili niliichangiwa na dada yangu kutoka kwenye faida ya duka lake.

Tangu hapo nimehudhuria mengine kadhaa, nikajifunza namna ya kwenda. Haya ninayoandika ni kwa ajili ya mwanafunzi wa uzamili, mtaalamu wa maabara au daktari kijana anayekwenda kwa mara ya kwanza kusikiliza watu wakizungumzia vipokezi, kainesi na protini-G, yaani protini zinazopokezana ujumbe ndani ya seli, na ambaye fedha ya kwenda imepatikana kwa jasho.

Hatua ya 1: Hakikisha kongamano ni la kweli kabla hujatoa hela

Kuna mialiko mingi ya uongo. Barua pepe inayokuita mtafiti mashuhuri wakati hujachapisha hata makala moja, ifute. Tazama uwanja wake: kongamano linalodai kujumuisha protini za seli, benki, kilimo na utalii katika siku mbili halina wanasayansi wa seli wa kukaa nao meza moja. Kisha tafuta mwandaaji. Kama ni chuo, ingia mwenyewe kwenye tovuti ya chuo hicho, usipitie kiungo ulichotumiwa. Chagua jina moja kwenye kamati ya kisayansi, umwandikie kwa anwani yake ya kazini kumuuliza kama kweli yumo.

Malipo nayo yana dalili zake. Taasisi ya umma hapa Tanzania hupokea fedha kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, ile tunayoiita kontroli namba. Ukiambiwa kongamano ni la chuo cha umma halafu unaelekezwa kutuma fedha kwenye simu ya mtu binafsi, simama hapohapo. Mwenzetu mmoja maabara alituma, na siku ya kongamano ukumbi alioelekezwa ulikuwa na sherehe ya kumuaga bibi harusi.

Ukishajiridhisha, uliza punguzo. Wanafunzi karibu kila mahali hulipa pungufu, na anayelipa mapema hulipa pungufu zaidi. Kama bado haiwezekani, waandikie waandaaji kuomba kusamehewa ada, au jitolee kukaa meza ya usajili au kubeba kipaza sauti ukumbini. Anayebeba kipaza sauti husikia maswali yote, na watoa mada wanamjua kwa sura kabla ya siku ya kwanza kuisha. Nimewahi kuifanya kazi hiyo na sijawahi kuijutia.

Hatua ya 2: Tuma ikisari, hata kama matokeo yako ni madogo

Anayekwenda na kazi yake husikiliza kwa masikio mengine kabisa. Ikisari, yaani muhtasari wa kazi yako, mara nyingi huwa maneno 250 hadi 300: tatizo, swali, ulivyofanya, ulichopata kwa namba, na maana yake. Namba ndizo watu wanaozitafuta. "Tuliona ongezeko" haimwambii mtu kitu. Sema limeongezeka mara ngapi na katika sampuli ngapi.

Mambo mawili hukwamisha watu dakika za mwisho. La kwanza ni ruhusa. Kama kazi yako imetumia sampuli za wagonjwa, soma upya barua ya kibali cha maadili uliyopewa na NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), maana ina masharti kuhusu kutangaza matokeo. Waandishi wenzako wote nao wasome na kukubali kabla hujatuma. La pili ni saa. Muda wa mwisho unaweza kuwa umehesabiwa kwa saa za nchi nyingine, na ratiba huandikwa kwa saa za kizungu: kikao cha 9:00 ni saa tatu asubuhi. Niliwahi kumwona mtu amefika saa tisa alasiri kutoa mada iliyokuwa imepita asubuhi.

Hatua ya 3: Jifunze njia moja ya ishara mpaka uweze kumsimulia mtu wa nyumbani

Hapa ndipo nataka utumie muda wako mwingi. Ukiifanya hatua hii vizuri, hizo nyingine zitakuwa nyepesi.

Panda daladala ya Mbagala au Gongo la Mboto, halafu mwangalie konda. Abiria anataka kushuka, lakini dereva hamwoni wala hamsikii. Konda anagonga bodi, gari linasimama. Anagonga tena, gari linaondoka. Abiria hakugusa usukani. Ujumbe umepokezwa, na maana ya kugonga imetegemea gari lilikuwa kwenye hali gani wakati huo.

Seli hufanya kazi kwa namna inayokaribiana na hiyo. Homoni kama adrenalini na insulini haziingii ndani. Hubisha hodi kwenye utando wa seli, kipokezi kikaitikia, na ujumbe ukapokezwa ndani kutoka protini moja hadi nyingine. (Kortisoli na ndugu zake wa steroidi hawapigi hodi, huupenya utando na kukutana na vipokezi vyao huko ndani. Watoa mada wengi hawatakukumbusha hilo.)

Ichukue adrenalini, maana njia yake ndiyo iliyofundisha dunia mambo mengi. Kipokezi chake ni protini inayopita kwenye utando mara saba, na binadamu tuna jeni takriban 800 za familia hiyo. Karibu theluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa hulenga vipokezi vya aina hii. Salbutamol iliyomo kwenye pampu ya mgonjwa wa pumu hukiwasha kimojawapo. Propranolol huvizuia vya jamii hiyohiyo. Kipokezi kikishaitika, huiamsha protini-G iliyo chini ya utando. Protini-G huamsha kimeng'enya kinachotengeneza molekuli ndogo iitwayo cAMP. cAMP huamsha kainesi A, na kainesi ni kimeng'enya kinachobandika fosfati juu ya protini nyingine na kuibadilisha kazi yake. Mwisho wa msururu huo, ini linaachia sukari kwenye damu, nawe unapata nguvu za kukimbia.

Kila kiungo hapo kina historia yake ya Nobel, na majina haya utayasikia ukumbini. Earl Sutherland alitunukiwa mwaka 1971 kwa kazi iliyoifichua cAMP. Edmond Fischer na Edwin Krebs walifuata mwaka 1992 kwa kuonyesha kwamba fosfati hubandikwa na kubanduliwa. Alfred Gilman na Martin Rodbell walipewa mwaka 1994 kwa ajili ya protini-G. Kipokezi chenyewe, kilicho mlangoni kabisa, kilisubiri hadi 2012, kwa Robert Lefkowitz na Brian Kobilka.

Sasa fanya jambo nililolifanya mimi baada ya aibu ya mara ya kwanza. Nenda kamsimulie mtu asiyejua sayansi, kwa Kiswahili, bila daftari. Mimi nilimsimulia dada yangu dukani jioni moja, nikichora mishale nyuma ya karatasi ya mahesabu. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Sasa huyu akishaambiwa aendelee, nani anamwambia aache?"

Sikuwa nimelifikiria hilo kwa uzito. Nilikuwa nimekariri jinsi ishara inavyowashwa. Usiku ule nilisoma upande wa kuzima, na tangu hapo swali la dada ndilo ninaloingia nalo kwenye kila ukumbi: ishara hii nani anaizima?

Protini-G inapowaka huwa imeshika molekuli iitwayo GTP, na ndani yake ina kitu kama saa: baada ya muda huikata GTP ikabaki GDP, na yenyewe ikazimika. Sumu ya bakteria wa kipindupindu huiharibu saa hiyo. Protini-G ya kwenye seli za utumbo inabaki imewaka, cAMP inapanda na kupanda, milango ya kloridi inafunguka, chumvi inatoka na maji yanaifuata. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Pakiti ya ORS humwokoa kwa sababu sukari na chumvi vikiwa pamoja huingia mwilini kwa mlango mwingine, ambao sumu ile haiugusi. Sisi tuliokulia Dar, tunaokumbuka matangazo ya kuchemsha maji, tuliishi na somo hili la protini za seli muda mrefu bila kuambiwa kwamba ndilo.

Halafu tazama saratani. Protini iitwayo RAS nayo hushika GTP na kujizima yenyewe. Badiliko la asidi amino moja tu, mara nyingi ile ya 12, huiharibu saa yake, na seli inaendelea kuambiwa igawanyike. Jeni za RAS zilizobadilika ziligunduliwa kwenye saratani za binadamu mwaka 1982. Dawa ya kwanza inayolenga moja kwa moja badiliko mojawapo la KRAS, mmoja wa ndugu wa RAS, yaani sotorasib, iliidhinishwa Marekani mwaka 2021. Kipindupindu na saratani ni magonjwa mawili yasiyofanana hata kidogo wodini, na kumbe ndani ya seli kosa ni lilelile: ishara imekosa wa kuizima.

Kwa hiyo, kwenye karatasi moja, chora njia yako. Mshale wa kawaida ni kuwasha. Mstari wenye kichwa bapa ni kuzuia. Herufi P ndani ya duara ni fosfati. Alama hizo tatu utazikuta kwenye karibu kila slaidi. Upande wa kushoto andika wanaowasha, upande wa kulia wanaozima: fosfatesi zinazobandua fosfati, vimeng'enya vinavyovunja cAMP, protini za aresitini zinazokifunga kipokezi. Usijaribu kukariri kila kitu. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2002 ilionyesha binadamu ana jeni 518 za kainesi, na hakuna profesa anayezijua zote kwa majina.

Mwisho, pitia ratiba, chagua mada tatu tu unazozitaka kwa moyo, na kwa kila moja soma makala moja ya mtoa mada. PubMed Central, hazina ya mtandaoni ya makala za tiba na baolojia, ni bure. Maktaba nyingi za vyuo vyetu zina Hinari, inayokufungulia majarida ya kulipia. Muulize mkutubi, yeye ndiye anayejua nywila. Umbo la protini yenyewe unaweza kulitazama bure kwenye hazina ya AlphaFold, ile kazi iliyowapatia Demis Hassabis na John Jumper sehemu ya Nobel ya kemia mwaka 2024. Inafunguka hata kwenye simu.

Hatua ya 4: Bango

Soma maelekezo ya ukubwa kabla hujaanza kupanga. Wengi hutaka A0, yaani sentimita 84.1 kwa 118.9, lakini wengine husimamisha na wengine hulaza. Bango lililolazwa kwenye ubao uliosimama hufunika kazi ya jirani yako.

Liwe na maneno machache. Kichwa kisomeke mtu akiwa mita tano, na maandishi ya ndani yasipungue pointi 24. Katikati weka mchoro wa njia yako ukiwa na alama ya kuuliza nyekundu mahali ambapo hujui. Watu husimama kwenye alama ya kuuliza. Nimeona mabango yenye matokeo makubwa yakipitwa kwa sababu yalijaa aya kama gazeti.

Chapisha siku mbili kabla. Kariakoo na katikati ya mji kuna wachapaji wengi, ila umeme ukikatika siku ya mwisho, wanafunzi wa vyuo vyote hujikuta kwenye foleni moja. Nenda na faili la PDF kwenye flashi, na jingine ulitume kwenye barua pepe yako. Karatasi ngumu inahitaji bomba. Ukiweza kuchapisha kwenye kitambaa, utalikunja kama kanga na kulitia kwenye begi. Miezi ya masika funga bomba kwa nailoni hata kama asubuhi kuna jua. Na tafadhali, usipande bodaboda ukiwa umelishika bomba la mita moja mkononi. Chukua bajaji.

Hatua ya 5: Kufika

Jua ukumbi uko wapi siku moja kabla. Makongamano makubwa hufanyika Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Julius Nyerere, pale mtaa wa Shaaban Robert, jirani na Makumbusho ya Taifa. Kwa mwendokasi shuka Posta ya Zamani au Kivukoni, kisha utembee. Ukumbi wa Mlimani City uko barabara ya Sam Nujoma, kati ya Mwenge na Ubungo. Makongamano madogo, ambayo mimi ndiyo ninayoyapenda, huwa kwenye kumbi za vyuo, kama MUHAS, chuo cha afya cha Muhimbili kule Upanga, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kule Mlimani.

Toka mapema kuliko unavyodhani. Beba kanga, mtandio au sweta, kwa sababu kiyoyozi cha ukumbini hakijali kwamba nje kuna joto la Dar. Beba maji, daftari la karatasi na chaja. Ukitoka mkoani kwa basi utashukia Mbezi Louis, na kutoka hapo hadi Posta asubuhi ni safari nyingine kamili, hivyo fika jana yake.

Hatua ya 6: Kusikiliza ukumbini

Kaa safu ya tatu au ya nne. Huko nyuma huoni namba zilizo kwenye picha, na kwenye fani yetu picha ndiyo ushahidi.

Usinakili slaidi. Gawa ukurasa wa daftari mara mbili kama ile karatasi ya nyumbani, kushoto wanaowasha, kulia wanaozima, na uchore mtoa mada anavyosema. Dakika 20 zikiisha utaona upande wa kulia uko mtupu mara nyingi. Upande huo mtupu ndio swali lako.

Picha utakazoziona zaidi ni za westani bloti: protini zimetenganishwa kwenye jeli kwa ukubwa, zikahamishiwa kwenye utando, zikatafutwa kwa kingamwili. Zinatokea kama vistari vyeusi. Jifunze kuzitazama kwa utaratibu. Kwanza, je, kistari kiko kwenye uzito wake? ERK, ambayo ni kainesi mojawapo, kwa mfano, hutokea vistari viwili, kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 44 na 42. Pili, kama wanasema ERK yenye fosfati imeongezeka, wameonyesha pia ERK yote kwa jumla? Bila hiyo huwezi kujua kama fosfati imeongezeka au protini yenyewe ndiyo iliyozidi. Tatu, iko wapi protini ya kulinganishia, kama akitini au tubulini, inayothibitisha kwamba kila sampuli ilipakiwa kwa kiasi sawa? Nne, na hili ndilo ninalolitazama kwa makini zaidi, walipima kwa muda gani? Ishara iliyopimwa dakika ya 5 tu imeonyesha kuwaka. Kama hakuna dakika ya 30 na ya 60, hatujui iliondokaje, wala kama iliondoka.

Kuna jambo ambalo sisi tunaofanya kazi kwenye joto hili tunalijua kwa uchungu, na wageni wanapenda kulisikia kutoka kwetu. Fosfati haingoji. Kipande cha uvimbe kikishakatwa kutoka mwilini, vimeng'enya vyake vinaendelea na kazi, na kila dakika kabla ya barafu hubadilisha picha utakayoiona maabara. Sampuli iliyotoka chumba cha upasuaji ikakaa kwenye foleni ya barabarani nusu saa ndani ya kisanduku chenye barafu iliyoyeyuka haisemi tena yaliyokuwa ndani ya mgonjwa. Ukimsikia mtu akilinganisha sampuli za Afrika na za Ulaya, una haki ya kuuliza: kutoka kukatwa hadi kugandishwa zilipita dakika ngapi, na zilikuwa sawa kwa pande zote mbili? Swali hilo limejaa elimu ya mahali hapa, na usilionee haya.

Kuhusu picha za simu: uliza, au tazama kama slaidi ina alama ya kukataza. Wengine huonyesha matokeo ambayo hayajachapishwa. Kwenye Gordon Research Conferences, mikutano iliyoanza mwaka 1931, kupiga picha na kurekodi kumekatazwa kabisa ili watu waseme kwa uhuru.

Hatua ya 7: Kuuliza, na kuzungumza wakati wa chai

Andika swali lako kamili kabla ya kunyoosha mkono. Simama, taja jina na unakotoka, shukuru kwa neno moja, uliza swali moja, kaa. Sekunde 20 zinatosha. Ukitetemeka, soma kutoka kwenye daftari, hakuna atakayekulaumu. Kwa mara ya kwanza unaweza kutumia lilelile la dada yangu kwa lugha ya ukumbi: umetuonyesha kinachoiwasha njia hii, kwenye seli zako, nini kinaizima, na baada ya muda gani? Nimemwona profesa akitulia kidogo, akasema hilo hawajalipima, kisha wakati wa chai akamtafuta aliyeuliza.

Chai ndiyo kikao chenyewe. Usikimbilie kwa wenzako wa maabara moja mkala sambusa mkiwa duara. Mkubwa Mtanzania mwamkie, "Shikamoo Profesa," ngoja marahaba, kisha ujitambulishe kwa mwalimu wako: "Mimi ni mwanafunzi wa Daktari fulani." Hilo hufungua mlango haraka kuliko kadi yoyote. Mgeni kutoka nje mpe mkono na jina lako, na moja kwa moja mtajie kitu kimoja kutoka kwenye mada yake. Usianze kwa kuomba nafasi ya masomo. Zungumzieni protini kwanza. Kama mazungumzo yana uhai, yeye mwenyewe atakuuliza una mpango gani.

Kwenye bango lako, usisome. Mtu akisimama, muulize kwanza anafanya nini, ili ujue uanzie wapi. Kwa daktari anza na mgonjwa; kwa mtu wa kemia anza na umbo la protini. Dakika mbili, halafu mwonyeshe ile alama ya kuuliza nyekundu na umwombe maoni yake. Weka kalamu karibu, uandike anachosema mbele yake. Anayekukosoa kwa dakika kumi amekupa zaidi ya aliyesema "kazi nzuri" akapita. Mara moja mama mmoja, mtafiti wa vimelea vya malaria, alinionyesha kwamba kingamwili niliyotumia ilikuwa inashika protini mbili tofauti. Miezi minne ya kazi yangu ilikuwa imejengwa juu ya kistari kisicho changu. Nililia nyumbani, lakini kama asingeniambia ningeichapisha.

Hatua ya 8: Siku tatu zinazofuata

Usiku wa siku ya mwisho, kabla hujalala, nakili upya vizuri karatasi zako za mishale. Ukingoja wiki, hutajua ulimaanisha nini.

Ndani ya siku tatu waandikie watu wasiozidi watano. Barua iwe fupi: tulionana wapi, ulisema nini, nimefanya nini na ulichosema. Kama mtu alikuahidi kingamwili au plasmidi (kipande cha DNA cha mduara), omba hapohapo, na mwambie msimamizi wako mapema, kwa sababu vifaa vya kibaolojia kuvuka mpaka vinahitaji makubaliano ya maandishi na vibali.

Kisha omba nusu saa kwenye kikao cha maabara yenu. Wasimulie njia tatu ulizochora, ubaoni, ukianza na upande wa kuzima. Aliyekuchangia nauli au ada, awe msimamizi au ndugu, naye msimulie, kwa lugha yake. Mimi hurudi dukani kwa dada kila mara, na kila mara huniuliza kitu ambacho sikukiuliza ukumbini.

Halafu fungua daftari la maabara na upange jaribio moja, lile ambalo kongamano limekuonyesha kwamba linakosekana kwenye kazi yako. Kwangu lilikuwa rahisi: badala ya kusimamisha seli dakika ya 5, nilizisimamisha dakika ya 5, 15, 30, 60 na 120, huku barafu ikiwa tayari mezani.